Karekezi wa Faili Nzito

Siku za kazi, asubuhi umande ulipokuwa unakauka, Karekezi alikuwa anakaa katikati ya njia. Alikalia kigoda chake cha miguu mitatu. Alivaa koti la kahawia na kofia yenye ukingo mpana, na magotini alipakata kitambaa cheupe chenye msalaba mweusi. Baiskeli zilizopanda kutoka kisimani na madumu ya maji zilipiga kengele, zikampita upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia palikuwa na shimo. Alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu.

Kando ya kigoda alisimama kuku mwekundu, ambaye alikuwa ameliwa siku ya Noeli.

Watu wa Rubondo walimzoea upesi. Walimsalimia wakipita, wala hawakuchukia aliponyamaza, maana hata zamani alikuwa mtu wa kuitikia kwa kofia. Watoto walikatazwa kurusha mpira karibu naye. Mchungaji alisema kwamba shemasi ni shemasi popote alipokaa, na hilo likaisha.

Mukarukundo, mke wake, hakusumbuliwa na kuja kwake. Kilichomsumbua ni mahali. Miaka yote Karekezi alikaa mlangoni, pale ambapo udongo ulikuwa umelainika kwa kukaliwa, na alama tatu za kigoda zilikuwa bado zinaonekana. Sasa alikuwa anakaa njiani kama mtu aliyefukuzwa na mke.

“Muzee,” alimwambia asubuhi moja akichambua maharage, “fasi yako iko huku ku mlango. Juu ya nini unakaa mu njia? Bantu batasema nilikufukuza.”

Alitupa haragwe bovu njiani.

“Unakufa, unarudi, lakini kichwa ngumu haikufe.”

Alimpelekea maziwa katika kikombe cha bati, akakiweka chini karibu na mguu wake. Jioni Karekezi alipoondoka na kigoda chake na kuku wake, kikombe kilibaki kimejaa, na utando juu. Mukarukundo aliyanywa mwenyewe, akasema kwamba yalikuwa matamu.

Mambo mawili tu yalikuwa tofauti na zamani. La kwanza, kivuli chake kilianguka kuelekea bondeni siku nzima, kivuli kirefu cha asubuhi, hata saa ambazo vivuli vya watu wengine vilikuwa vimekwisha kugeuka. La pili, hakuwa na uso. Mukarukundo aliinama mara nyingi kumchungulia. Chini ya kofia palikuwa na kivuli, na chini ya kivuli palikuwa na kivuli kingine. Mabega yalikuwa yake, magoti yalikuwa yake, namna ya kuegemea upande mmoja kama mtu anayesikiliza ukuta ilikuwa yake. Uso tu haukuwepo.

Siku ya Mungu, yaani Jumapili, hakuja. Siku umeme ulipokatika Base Camp, kwenye ofisi za kambi ya wakimbizi, hakuja pia, lakini wakati huo hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili.

Ndipo wakaja vijana wenye vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Walishika chombo kinachosikiliza satelaiti, wakatembea wakisoma namba, na kila namba ilipokubali walipiga kigingi. Walikuwa na adabu. Kigingi kimoja walikipiga ndani ya jiko la Mukarukundo, kati ya mafiga na kuni, wakamwomba radhi kwa sababu ya vumbi. Walisema sasa kila kiwanja kina mpaka wake kwenye ramani, na ugomvi wa mipaka umekwisha Rubondo.

Jiko la Mukarukundo lilikuwa nyuma ya nyumba, upande wa mlimani. Kwa mujibu wa kigingi lilikuwa sasa la jirani yake wa juu, Modeste. Jioni Modeste alikuja, akasimama nje ya jiko bila kuingia, kofia mkononi.

“Mama, miye sikuomba jiko yako.”

“Najua, Modeste.”

“Ata kupika sijue.”

“Hiyo Rubondo yote inajua.”

“Na choo yangu bamepatia Gasore. Leo asubuhi nimemuomba ruhusa. Ananiambia nigoje, ati eko na bageni.”

Mukarukundo alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Halafu aliacha kucheka, kwa sababu aliona kwamba mstari wote wa viwanja umeteremka. Kila mtu alikuwa amepoteza kipande upande wa mlimani na kupewa kipande kama hicho upande wa bondeni. Yeye mwenyewe alipoteza jiko akapewa njia. Juu kabisa, kando ya barabara kubwa, kilibaki kipande kirefu kisicho na mwenyewe. Na chini kabisa alikuwa Vénant, wa mwisho katika safu. Nusu ya kiwanja chake kipya ilikuwa ndani ya mafunjo, katika maji. Vigingi vyake viwili vya chini havikuweza kusimama, vikafungwa kwa kamba kwenye mafunjo.

Kesho yake Mukarukundo alivaa viatu vya kanisani akaenda Base Camp.

Ofisi ya ramani ilikuwa chumba kimoja chenye kompyuta mbili na feni. Kijana aliyekuwa ndani aliitwa Pacifique, mzaliwa wa Fizi, aliyesomea kazi hiyo mjini Mbarara. Alikuwa anaimba sauti ya nne katika kwaya ambayo Karekezi alikuwa shemasi wake. Alimpa mama kiti, akamsikiliza habari za jiko mpaka mwisho, akafungua picha ya Rubondo ili waone.

Ilikuwa Rubondo kutoka juu, kama mwewe anavyoiona. Pacifique aliikuza polepole. Mabati yakawa mabati, migomba ikawa migomba, kamba ya nguo ikaonekana na nguo zake. Mbele ya mlango wa nyumba moja kulikuwa na duara la kahawia.

Mukarukundo aliweka kidole kwenye kioo. “Hii kofia nilimununulia miye. Ku soko ya Uvira.”

Pacifique akaikuza zaidi. Baadaye majirani walisema kwamba dakika hizo Karekezi alionekana waziwazi kuliko siku zote, mtu angeweza kuhesabu nyuzi za koti lake. Siku nyingine, Pacifique alipokuwa anashughulika na pembe za mbali za picha, mzee alififia kidogo, na baiskeli zilikuwa zinachelewa kumwona.

“Kumbe ni weye unamuitaka kila siku,” alisema Mukarukundo.

“Nafungua tu faili, Mama. Kazi inaanza na kufungua faili.”

“Na siku ya Mungu?”

“Siku ya Mungu tunafunga.”

“Muzuri. Ni shemasi. Siku ya Mungu asitumwe.”

Pacifique alimweleza kwamba picha za ramani huwekwa katika faili za aina nyingi, kama maziwa yanavyowekwa katika vyombo vingi, na kila chombo kina tabia yake. Hii ilikuwa ya aina ya TIFF, chombo kisichomwaga kitu. Picha nzima ni miraba midogo ya rangi, na TIFF huiweka yote, hata mraba wa jani, hata mraba wa unyoya wa kuku. Tena ndani yake imeandikwa picha ni ya wapi duniani. Ndiyo sababu ilikuwa nzito kupita faili zote za ofisi. Wengine waliokuwa kwenye picha hiyo walikuwa hai, na mtu aliye hai hawezi kuja mahali ambapo tayari yupo. Kwa hiyo waliokuja walikuwa Karekezi na kuku.

“Lakini ku picha eko ku mlango,” alisema Mukarukundo. “Kwetu anakuya kukaa mu njia. Juu ya nini?”

Pacifique aliacha kompyuta wazi, akapanda pikipiki yake na mama nyuma, wakaenda Rubondo.

Karekezi alikuwa njiani. Pacifique alimsalimia kwa mikono miwili kama zamani. Kisha akaenda kusimama mlangoni, juu ya zile alama tatu za kigoda, akamtazama mzee pale njiani. Akatazama kitambaa chenye msalaba. Akaenda jikoni akatazama kigingi, na mahali ulipokuwa ua wa zamani. Akarudi mlangoni akakaa chini.

“Mama, huu musalaba aliupata wapi?”

Mukarukundo alieleza. Ilikuwa kabla ya Noeli. Watu wa droni walitandika vitambaa chini, kila kimoja na msalaba mkubwa, wakavipima kwa chombo chao, wakaondoka kwenda kurusha ndege yao ndogo ya kupigia picha kutoka uwanja wa shule. Kitambaa kimoja kilitandikwa njiani mbele ya nyumba. Karekezi alitoka akaona mbuzi amesimama juu ya msalaba wa Yesu. Alimfukuza mbuzi, akaukunguta msalaba, akaketi nao mlangoni, akaupakata mpaka wenyewe warudi. Waliporudi aliwarudishia, akawagombeza kwa upole kwamba msalaba hauwekwi chini kama mkeka.

“Na mingine?” aliuliza Pacifique.

“Mumoja ulibebwa na upepo. Mumoja, bamama ba kwaya baliushona, njo kitambaa cha meza ya muchungaji. Si ulisha kukiona?”

Pacifique alikuwa amekiona. Alikuwa anaimba mbele yake kila Jumapili.

Alimweleza yule mama kosa bila haraka. Msalaba ni kama msumari. Picha ya droni inaelea tu hewani mpaka ifungwe na ardhi, na inafungwa pale msalaba ulipopimwa. Mingine ilikuwa imekwisha kuondoka, ukabaki huu tu, nao ulipimwa njiani, lakini picha iliuona mlangoni, kwenye magoti ya mzee. Kwa hiyo kompyuta ilichukua magoti ya mzee ikayapigilia njiani. Rubondo nzima ikateremka naye, kutoka mlangoni mpaka njiani, na mistari ikachorwa juu ya picha hiyo, na vigingi vikafuata mistari.

Mukarukundo alimgeukia mume wake.

“Kwa hivyo hakufukuzwa,” alisema.

“Hapana, Mama. Amekaa palepale alipokaa. Ni dunia njo iliteremuka.”

“Nilimugombeza bure.” Alimwendea, akakisogeza kikombe cha maziwa karibu zaidi na mguu wake.

Pacifique alimpigia simu mkubwa wake aliyekuwa Mbarara, Madamu Kembabazi, akamweleza habari ya msalaba na mistari. Madamu alisikiliza. Alisema kwamba mistari ilikwisha kupitishwa. Alisema pia kwamba faili ile nzito inakula nafasi yote ya kompyuta kubwa, na picha za makambi mengine zinangoja foleni. Aibane iwe ya aina ya JPEG, aitume, na ile nzito wataifuta mwisho wa juma.

Pacifique aliibana, akaituma.

Siku iliyofuata Karekezi hakuja Rubondo, ingawa umeme ulikuwepo na haikuwa siku ya Mungu. Mukarukundo alingoja na kikombe mkononi mpaka maziwa yakapoa, halafu akampigia Pacifique.

“Leo miye sikufungua ile nzito, lakini Madamu amefungua ile ya kubanwa toka asubuhi,” alisema Pacifique. “Lazima eko fasi fulani.” Akatazama orodha ya faili. “Aa. Nimesahau mwenzake.”

JPEG haijui kwao. Hutembea na faili nyingine ndogo sana yenye jina lilelile, mistari michache ya namba tu, na hiyo ndogo ndiyo humwambia kila anayeuliza kwamba mwenzangu ni wa mahali fulani. Ile ndogo ilikuwa imebaki Base Camp. Picha isiyo na mwenzake hufunguka mahali pa sifuri, pale hesabu ya dunia inapoanzia, na pale ni baharini, mbali, upande wa machweo wa Afrika.

Pacifique aliituma ile ndogo. Baada ya chakula cha mchana Karekezi alikuja njiani. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini na chumvi ilianza kukauka juu ya viatu. Kuku alikuwa anajikunguta.

Mukarukundo alimfunika miguu kwa kitenge kikavu. “Alisha tembea milima yote ya kwetu na ngombe,” aliwaambia waliopita, “lakini bahari hakuiona. Sasa ameiona.” Alilisema kwa majivuno kidogo, kama mtu ambaye mume wake ametumwa nje ya nchi.

Lakini alipokaa chini kumtazama, kofia haikuwa kofia. Ilikuwa miraba ya kahawia, na koti lilikuwa miraba ya kahawia iliyofanana nayo, na hapakujulikana kofia inaishia wapi. Kuku alikuwa doa. Hata namna yake ya kuegemea ilikuwa imenyooka, akakaa kama gunia lililowekwa na mtu mwingine.

“Nani alimufinya hivi?” aliuliza kwenye simu.

Pacifique alisema ni yeye, akaomba radhi. Alisema aina hii ya faili huokoa nafasi kwa kusahau. Rangi zinazokaribiana huzifanya moja. Koti lilikuwa rangi ya udongo, mzee alikuwa ameketi juu ya udongo, na faili haikuona sababu ya kuwatenganisha. Na mwisho wa juma ile nzito itafutwa, atabaki hivi.

“Basi tutaenda kuona huyo madamu,” alisema Mukarukundo.

Ofisi ya Mbarara ilikuwa katika nyumba ya kupanga huko Kakiika, katikati ya migomba, na ng’ombe wa mwenye nyumba walikuwa wanalisha mpaka dirishani. Mukarukundo aliwatazama kwanza, akauliza yule mwenye pembe pana anatoa kiasi gani, ndipo akaingia. Alibeba samli ndani ya chupa.

Madamu Kembabazi alikuwa mwanamke mnene mwenye sweta, na juu ya meza yake kulikuwa na karanga katika sahani. Alisimama.

“Karibu sana nyabo. Pacifique, lete kiti ya mama, hapana hiyo, hiyo imevunjika. Kula karanga.”

Mukarukundo alikula karanga. Alieleza habari ya jiko, ya choo cha Modeste, ya Vénant na mafunjo.

“Mama, mimi najua,” alisema Madamu. “Huyu kijana ameniambia, na mimi nimeangalia. Ni kweli kabisa. Lakini hiyo mstari ilishasainiwa na wakubwa.”

“Madamu,” alisema Pacifique, “kusahihisha picha ni namba mbili tu, katika ile faili ndogo. Asubuhi moja.”

“Ukisahihisha picha, mstari itaonekana mbaya.”

“Ni mbaya, Madamu.”

“Najua ni mbaya. Lakini sasa inaonekana mzuri.” Alisema hivyo bila ukali, na kwa uchovu, na alisogeza sahani ya karanga karibu na mgeni. “Kufungua hiyo maneno tena ni mpaka juu, na huko juu hakuna mtu atafungua. Mimi nilijaribu ingine kama hii, ya kambi ingine. Banange, wacha.”

Mukarukundo alifuta mikono.

“Basi muzee,” alisema. “Naye bakubwa balimusaini?”

Madamu Kembabazi alifikiri. “Hapana,” alisema. “Mzee hakuna mtu amemusaini.”

“Basi musimusahau mingi. Musahau kidogo tu.”

Madamu alivuta kiti chake mbele ya kompyuta. Alieleza kwamba JPEG, kabla ya kubana, huuliza inatakiwa ikumbuke kiasi gani, na mtu huisogezea alama mbele au nyuma kwa mkono. Nafasi iliyobaki ilikuwa ndogo, hivyo alama isingeweza kukaa juu sana. Lakini palikuwa na nafasi ya kubishana. Alifungua ile faili nzito, akakuza mlango wa Mukarukundo, akaanza kushusha.

“Hapa?”

“Eko.”

“Na hapa?”

“Eko.”

Alishusha tena. Kuku aliyeyuka kando ya kigoda.

“Kuku amekwenda,” alisema Pacifique.

“Kuku tulisha mula,” alisema Mukarukundo. “Endelea.”

Ukingo wa kofia ukaanza kuvunjika. “Eko. Anaegamia. Unaona? Anaegamia namna yake.” Madamu alishusha kidogo zaidi, na Mukarukundo akamshika mkono. “Hapa haiko tena. Hii ni udongo.” Madamu akarudisha nyuma kidogo. “Hapa eko.” Akashusha. “Haiko.” Akarudisha. “Eko.” Wanawake wawili walikaa hivyo mabega yakigusana, na huko Rubondo, Modeste alisimulia, mzee alikuwa anakuja na kwenda njiani kama mtu anayesinzia kanisani, mpaka waendesha baiskeli wakaamua kushuka na kusukuma.

Walipoipata alama, Madamu aliiandika kwenye kiganja chake kwa kalamu.

“Mama, unasikitika nini tena?”

“Sisikitike. Ni uso tu. Hata mu ile nzito hakukuwa na uso. Nilifikiri labda ninyi munao.”

Pacifique alikohoa nyuma yao. Alisema kwamba droni haipigi picha moja. Hupiga nyingi ikienda, zinapandana kama mabati ya paa, na kila mahali panakuwa pameonwa mara kadhaa. Kompyuta huchagua moja na kuzificha nyingine. Hapa ilichagua ile ambayo mzee alikuwa ameinama. Juzi usiku, alisema kwa wasiwasi, alikuwa amezitazama zile nyingine bila kuomba ruhusa. Katika moja mzee alikuwa ameinua uso.

“Onyesha,” alisema Madamu.

Alionyesha. Ilikuwa mlango uleule, kigoda kilekile, msalaba uleule magotini. Kofia ilikuwa imesogea nyuma. Chini yake palikuwa na paji la uso, na ndevu fupi nyeupe, na mdomo wazi.

Mukarukundo aliweka mkono kwenye shavu lake mwenyewe.

“Anataka kuigombeza,” alisema. “Ile ndege. Anaiambia iende. Naona ku mudomo.” Halafu akasema, “Hakunyoa. Nilimwambia anyoe.”

Madamu Kembabazi aliondoka kwenye kiti akampa Pacifique. Pacifique alikata kipande cha picha iliyoinama, akaweka mahali pake kipande cha picha iliyoinua uso, akalainisha kingo zikaungana. Msalaba ulikuwa haujasogea magotini, kwa hiyo picha ilibaki imefungwa palepale ilipokuwa imefungwa, na mistari haikuguswa. Kisha akaibana kwa alama iliyokuwa kwenye kiganja cha Madamu. Aliiweka faili ndogo pamoja na mwenzake, akaangalia mara mbili kwamba majina yanafanana.

“Kumbe ata picha inataka muntu wa kuijulisha kwao,” alisema Mukarukundo akiitazama ile ndogo.

Mwisho wa juma faili nzito ilifutwa. Ilichukua nusu siku kufutika.

Jumatatu Karekezi alikuja njiani mapema. Alikuwa na miraba kidogo, hasa mabegani, na mtu aliyemkaribia sana aliona koti lake limegawanyika kama sega la nyuki. Lakini kwa mbali kidogo, kutoka mlangoni kwa mfano, alikuwa Karekezi kamili. Aliegemea upande wake. Kofia ilikuwa nyuma, na uso wake ulitazama juu, mdomo wazi, akiigombeza ndege iliyokuwa imekwisha kwenda. Kuku hakuja. Watoto walimtafuta asubuhi hiyo, kisha wakasahau.

Mukarukundo alimtazama mpaka maharage yakaungua. Ndipo akakumbuka kwamba yalikuwa yanaungulia kwenye jiko la Modeste.

Jioni aliyahamisha mafiga. Kwa mujibu wa ramani iliyosainiwa kiwanja chake kilikuwa kinaanzia kwenye kigingi cha jikoni na kuteremka, na njia ilikuwa yake. Aliyapanga mafiga matatu kando ya mahali anapokaa mzee, upande ambao upepo haumpelekei moshi. Modeste alimsaidia kubeba sufuria. Jiko la zamani alilifanya choo, akaacha kumwomba Gasore ruhusa.

Juu kando ya barabara kubwa, katika kile kipande kisicho na mwenyewe, yalijengwa maduka ya mtu ambaye hakuna aliyemjua. Yalikuwa maduka mazuri, na yalikuwa kwenye ramani.

Vénant alikaa na mafunjo yake mpaka mvua za mwezi wa tisa. Maji yalipofika kitandani, alibomoa nyumba, akaanza kuhamisha mabati kwenda kwa shemeji yake. Aliyabeba kwa baiskeli, machache machache, asubuhi na mapema. Alipofika kwa Mukarukundo alishuka kupumzika.

“Jambo Muzee,” alimwambia Karekezi. Akatazama juu kule Karekezi alikotazama, akaona hakuna kitu. “Mama, anaangalia nini?”

“Ndege. Kunywa maziwa.”

Vénant alikunywa akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika mabati. “Miye sina kinyongo naye,” alisema. “Ata miye ningeuokota. Musalaba hauwekwi chini.”

“Hauwekwi,” alisema Mukarukundo.

Alimrudishia kikombe. Akapiga kengele kwa heshima, mara moja, akampita mzee upande wa kushoto, kwa sababu shimo la upande wa kulia lilikuwa bado pale.